Kimo cha Nukta: Utangulizi wa Jira ya Wima

Chora mstari mmoja mlalo kwenye karatasi. Weka sifuri katikati, kisha ugawe mstari huo kwa hatua zilizo sawa, namba chanya kulia na namba hasi kushoto. Sasa unaweza kumweleza mtu aliye mbali, kwa namba moja tu, mahali hasa ulipoweka kidole. Inua kidole kidogo kutoka kwenye mstari, na namba ile moja haitoshi tena. Inatakiwa ya pili, itakayosema kidole kimepanda kiasi gani juu ya mstari au kimeshuka kiasi gani chini yake. Namba hiyo ya pili, ambayo wengi wetu tuliijua shuleni kwa herufi y, ndiyo jira ya wima, mada ya kurasa hizi. Nakukaribisha kwayo kwa furaha, maana sijui kitu kidogo kama hiki kilichozaa mengi kiasi hiki.

Darasani jambo hili hupita upesi. Mhimili wa x umelala, mhimili wa y umesimama, inakatana mahali paitwapo chanzo, na nukta (3, 4) hupatikana kwa kwenda hatua tatu kulia na nne juu. Yote ni sahihi, na mwanafunzi huyashika kwa kipindi kimoja. Lakini wepesi huo huficha lililo kubwa. Kusimamisha mstari wa pili hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kukubali kwamba kitu kisicho na urefu wowote, kama kasi, bei au joto, kinaweza kupewa kimo juu ya karatasi, na kwamba kimo hicho kinaweza kuingizwa katika hesabu na kutoa jibu la kweli. Watu waliokuwa hodari wa jometri kutushinda sisi waliishi na kufa bila kuifikia fikra hiyo.

Mmoja wao ni Apollonius wa Perga, aliyeishi karibu na mwaka 200 kabla ya Kristo. Aliandika vitabu vinane juu ya mikunjo inayopatikana koni inapokatwa kwa bapa: duara, duaradufu, parabola na haipabola. Alipoishughulikia parabola, alichukua mstari wake wa katikati, akapandisha kutoka kwenye mstari huo vijistari sambamba hadi kuufikia mkunjo, kisha akathibitisha kwamba mraba wa kila kijistari ni sawa na mstatili ambao upande wake mmoja haubadiliki na wa pili ni umbali kutoka kipeo. Sisi tungeandika y² = px na kuendelea na mambo mengine. Kwa hiyo kijistari kinachosimama alikuwa nacho, na sifa yake aliijua barabara. Ila kwake mkunjo ulitangulia na vijistari vikafuata, na kila kijistari kilikuwa urefu halisi ndani ya umbo halisi. Hakuanza na mlinganyo akauliza unachora umbo gani.

Inafaa kukumbuka njia iliyotuletea kazi yake. Vitabu vinne vya mwanzo vipo kwa Kigiriki. Cha tano, cha sita na cha saba tunavyo kwa Kiarabu tu, kutokana na kazi iliyosimamiwa Baghdad katika karne ya 9 na ndugu watatu, Banu Musa, ambapo Thabit ibn Qurra alivifasiri vitabu hivyo vitatu. Cha nane kimepotea. Edmond Halley, mwanaastronomia Mwingereza, alijifunza Kiarabu, akavitoa kwa Kilatini mwaka 1710. Katikati ya safari hiyo ndefu yupo Omar Khayyam, aliyezaliwa mwaka 1048. Yeye alikatanisha mikunjo ya Apollonius, kwa mfano parabola na duara, ili kupata majibu ya milinganyo yenye x³, na jibu akalisoma kama urefu wa kipande cha mstari. Aljebra na jometri zilikuwa tayari zimeketi mkeka mmoja.

Wanajiografia nao walikuwa na namba zao mbili. Karibu na mwaka 150, Ptolemy wa Aleksandria aliorodhesha maelfu ya mahali, akaipa kila sehemu kipimo cha kwenda mashariki na kipimo cha umbali kutoka ikweta. Kipimo hiki cha pili ni jira ya wima kabisa: ikweta ndiyo sifuri, na kila mji una kimo chake kaskazini au kusini. Rhapta, mji wa biashara wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, umo katika orodha yake, kusini mwa ikweta. Namba zake zipo hadi leo, na wataalamu bado wanabishana mji wenyewe ulikuwa wapi, kwa sababu Ptolemy alizikadiria kutokana na masimulizi ya mabaharia. Jira haiwezi kuwa sahihi kupita kipimo kilichoizaa. Hata hivyo, hata kwa Ptolemy, kimo kwenye karatasi kilikuwa umbali ulioko duniani. Hajafika bado tunapokwenda.

Aliyefika ni Nicole Oresme, mwanachuoni wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1382 akiwa askofu wa Lisieux. Katika miaka ya 1350 aliandika kitabu juu ya vitu vinavyozidi na kupungua: joto, weupe, mwendo, hata maumivu. Ushauri wake ulikuwa huu. Lalisha mstari mmoja, uwe muda. Juu ya kila nukta ya muda simamisha mstari ambao urefu wake unalingana na nguvu ya kitu hicho kwa wakati huo. Ncha za mistari iliyosimama zitachora umbo, na umbo hilo litakuonyesha namna kitu kilivyobadilika. Ukisoma hayo polepole utaona mlango ukifunguka. Kasi haina urefu. Huwezi kuweka rula juu ya joto. Oresme aliyapa yote mawili kimo.

Tazama alichopata kwa kufanya hivyo. Gari linaondoka likiwa limesimama, na kasi yake inaongezeka kwa usawa hadi kufikia mita 20 kwa sekunde baada ya sekunde 10. Limekwenda umbali gani? Kasi yake ilikuwa ikibadilika kila wakati, kwa hiyo kuzidisha kasi kwa muda kunagoma: kasi ipi? Sasa chora. Mstari mlalo una sekunde 10. Vimo vya kasi vinaanza sifuri na kupanda kwa mstari ulionyooka hadi 20. Umbo ni pembetatu. Eneo lake ni nusu ya 10 mara 20, yaani 100. Hizo ndizo mita gari lilizokwenda. Na kwa kuwa pembetatu hiyo ina eneo sawa na mstatili wenye kitako cha 10 na kimo cha 10, gari lingefika mahali pale pale kama lingekwenda muda wote kwa mita 10 kwa sekunde, kasi ya katikati. Wanazuoni wa Merton College, Oxford, walikuwa wameitamka kanuni hiyo katika miaka ya 1330. Oresme aliifanya ionekane kwa jicho. Galileo alipoandika juu ya vitu vinavyoanguka, katika kitabu kilichotoka mwaka 1638, alitumia pembetatu ya namna hiyo hiyo.

Nimeganda hapa makusudi. Mwanafunzi akielewa kwa nini eneo la pembetatu lilitoka kuwa mita za barabarani, ameelewa nusu ya somo. Ulalo ulibeba sekunde, kimo kilibeba mita kwa kila sekunde, na ukizidisha viwili hivyo sekunde zinafutana, zinabaki mita. Karatasi haikujua chochote kuhusu magari. Ilishika vipimo viwili kwa uaminifu, basi.

Kilichobaki kilikuwa kukifunga kimo hicho kwenye mlinganyo, na hilo lilifanywa na watu wawili karibu wakati mmoja, kila mmoja kwa njia yake. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, aliandika kwamba mlinganyo ukiwa na viwango viwili visivyojulikana, ncha ya kimoja huchora mstari, ulionyooka au uliopinda. Maandishi yake yalizunguka kwa mkono miongoni mwa marafiki, yakachapishwa mwaka 1679, yeye akiwa ameshafariki. René Descartes alichapisha kitabu chake cha jometri mjini Leiden mwaka 1637, kikiwa kiambatisho cha kitabu chake kuhusu mbinu ya kutafuta ukweli. Herufi x na y tunazotumia ni zake. Fermat alitumia A na E. Msomaji anayefungua kitabu hicho akitarajia mihimili miwili iliyokatana kwa pembe mraba hataiona. Descartes alikuwa na mstari mmoja wa kuhesabia, na mistari ya y ilipanda kutoka hapo kwa pembe yoyote iliyomfaa. Mhimili wa y tunaoujua ni kazi ya waliomfuata.

Nguvu ya ndoa hiyo ya herufi na umbo huonekana ukiishika mwenyewe. Chukua mlinganyo x² + y² = 25. Simama kwenye x = 3 na uulize kimo: y² ni 16, kwa hiyo y ni 4 au −4. Nukta mbili, moja juu na nyingine chini. Sogea hadi x = 5: y ni sifuri, nukta moja tu. Sogea hadi x = 6: y² ingekuwa −11, na hakuna namba halisi ambayo mraba wake ni hasi. Mlinganyo umekujibu kwamba ukisimamisha mstari hapo hautagusa kitu. Weka nukta zote ulizopata na utaona duara lenye nusu kipenyo cha 5, na utaona pia kwa nini pale x = 6 kulikuwa kimya: duara limeishia kwenye 5.

Sasa pitisha mstari y = x + 1 juu ya duara hilo. Unakata wapi? Kwa rula na macho utakadiria. Kwa aljebra utasema: mahali vinapokatana, vimo vya vyote viwili ni sawa. Weka x + 1 palipo na y, utapata 2x² + 2x − 24 = 0, yaani x² + x − 12 = 0, na x ni 3 au −4. Vimo vyake ni 4 na −3. Nukta ni (3, 4) na (−4, −3), hasa, bila kukadiria. Swali la Khayyam, mkunjo huu unaukata ule wapi, limegeuka kuwa swali la vimo viwili vinavyolingana. Karibu kila utakachokutana nacho katika fani hii kimesimama juu ya hatua hiyo moja.

Umeona nilivyotumia −3 bila kusita. Walioanzisha fani hawakuwa na utulivu huo. Descartes alichora pale ambapo urefu ni chanya, kwani urefu hasi ulikuwa kitu cha kutiliwa shaka. Isaac Newton ndiye aliyeichukua karatasi yote. Katika kazi yake juu ya mikunjo ya daraja la tatu, iliyochapishwa mwaka 1704 pamoja na kitabu chake kuhusu mwanga, aliainisha aina 72 na kuzichora katika robo zote nne, juu na chini ya mhimili, kulia na kushoto. Ptolemy aliandika “kusini” akamaliza. Hakuhitaji alama ya kutoa. Lakini ukitaka kutoa latitudo moja kwenye nyingine, na sehemu moja iko Misri na nyingine iko Mombasa, neno “kusini” halikusaidii katika hesabu mpaka liwe hasi. Sisi wa pwani hii, wenye Mombasa kwenye nyuzi 4 kusini na Unguja kwenye nyuzi 6, tunaishi chini ya mhimili, na hesabu zetu za latitudo zilihitaji namba hasi kuliko za mtu wa Paris.

Leonhard Euler aliipanga nyumba yote mwaka 1748, katika juzuu mbili ambazo bado zinasomeka kwa raha. Kwake y ni kiwango kinachoitegemea x: ukinipa x, nakupa y yake. Ndiyo sababu leo tukiambiwa mchoro fulani ni fanksheni tunapitisha mstari wa wima juu yake. Usipoukata zaidi ya mara moja popote, sawa. Duara letu linakatwa mara mbili, kwa hiyo duara zima si fanksheni moja; nusu ya juu ni moja, nusu ya chini ni nyingine.

Baadaye kidogo Mskoti William Playfair alifanya kwa fedha kile Oresme alichofanya kwa kasi. Kitabu chake cha mwaka 1786 kilionyesha biashara ya Uingereza na nchi nyingine kwa mistari inayopanda na kushuka, miaka ikiwa imelala na pauni zikiwa zimesimama. Magazeti yetu yanarithi kutoka kwake.

Mfano ninaoupenda kuliko wote, hata hivyo, uko baharini. Mvuvi wa Unguja, Pemba au Lamu anajua maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba kuna siku za bamvua na siku za maji mafu. Weka saa kwenye ulalo na kina cha maji kwenye wima, utapata wimbi linalopanda na kushuka kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Hiyo ni kazi ya mwezi. Jua nalo lina wimbi lake, dogo zaidi, la saa 12 kamili. Kimo cha maji saa yoyote, ukiacha mambo madogo, ni jumla ya vimo vya mawimbi hayo mawili kwa saa hiyo. Tuseme wimbi la mwezi hupanda mita 1.2 juu ya wastani na la jua mita 0.6. Vilele vikiangukia pamoja, wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda mita 1.8 na kushuka kiasi hicho hicho, tofauti ya mita 3.6: bamvua. Kilele cha mwezi kikikutana na bonde la jua, 1.2 toa 0.6 ni 0.6, na tofauti kati ya kujaa na kupwa ni mita 1.2 tu: maji mafu. Dakika 25 za tofauti zinajikusanya hadi mawimbi yanarudi kulingana baada ya siku 15 hivi, jambo ambalo kila mtu wa pwani analijua kwa kuutazama mwezi.

Katika miaka ya 1870 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alitengeneza mashine ya kutabiri maji kwa njia hii hii. Kila gurudumu lilibeba wimbi moja, uzi mmoja ukapita juu ya kapi zote na kujumlisha miinuko yao, na kalamu kwenye ncha ya uzi ikachora jumla hiyo juu ya karatasi iliyokuwa ikizunguka. Kujumlisha grafu mbili ni hilo tu: simama kwenye x moja, jumlisha y zake.

Bahari inatufundisha pia kwamba sifuri ni makubaliano. Tunaposema Kilimanjaro una mita 5,895, tunahesabu kutoka wastani wa usawa wa bahari. Ramani ya baharia haianzi hapo. Vina vyake huhesabiwa kutoka karibu na maji yanapokupwa kabisa, ili ikiandikwa mita 2 juu ya mwamba, nahodha awe na uhakika wa hizo 2 hata siku mbaya. Maji yakiwa yamejaa mita 3 juu ya sifuri hiyo, ana 5. Pwani moja, sifuri mbili, na kila moja ina sababu yake. Ukisoma kimo chochote, uliza kwanza kimeanzia wapi.

Kutouliza kuna madhara. Chukua sukari iliyopanda kutoka shilingi 2,800 hadi 3,000 kwa kilo. Nikichora mhimili wa y unaoanzia 2,700, nguzo ya kwanza itakuwa na kimo cha 100 na ya pili 300, na jicho la msomaji litaona bei iliyopanda mara tatu. Nikianzia sifuri, ataona ongezeko la asilimia 7 hivi, kama lilivyo. Namba zilizoandikwa ni zile zile. Nakuomba ulichukulie jambo hili kwa uzito, kwani watu hupiga kura na kununua kwa kutazama nguzo kama hizo.

Hata kupanda juu ni mazoea. Wanaopima bahari huchora kina kikiteremka. Kwenye skrini ya kompyuta sifuri huwa kona ya juu kushoto, na y huongezeka kwenda chini, hivyo anayeanza kuandika programu za michoro hushangaa kuona picha yake imepinduka. Wanauchumi tangu Alfred Marshall, mwaka 1890, huweka bei kwenye wima hata pale wanapouliza bei inaathiri vipi kiasi kinachonunuliwa. Hesabu haivunjiki, mradi useme umefanya nini.

Nikuache kwenye kizingiti cha sura ya kwanza, inayohusu mteremko. Mteremko wa mstari ni badiliko la y likigawanywa kwa badiliko la x. Kwa y = x + 1 jibu ni 1 kila mahali. Kwa y = x² si hivyo, maana mkunjo unazidi kuwa mkali kadiri unavyokwenda kulia kutoka sifuri. Basi mteremko wake pale x = 3 ni upi? Kimo pale ni 9. Kwenye 3.1 kimo ni 9.61: badiliko 0.61 kwa 0.1, yaani 6.1. Kwenye 3.01 kimo ni 9.0601, na mteremko ni 6.01. Kwenye 3.001 ni 6.001. Namba inaisogelea 6 bila kigugumizi, na kuelewa kwa nini ni kuingia katika kalkulasi ya Newton na Leibniz. Chukua kalamu, rudia hesabu hiyo kwa x = 5, kisha kwa x = 7, uweke majibu kando ya 6 uliyoipata kwa x = 3, na utafute kanuni inayoyaunganisha kabla hujafungua ukurasa unaofuata.